Flickr kwa picha za Chalbi: inafaa, ila andaa faili kwanza

Picha ya jangwa huharibika upesi ikibanwa. Uwanda wa Chalbi, huko Marsabit kaskazini mwa Kenya, ni sakafu ya ziwa lililokauka, na uzuri wake wote umo kwenye chumvi iliyopasuka vipande vidogovidogo. Bana faili (yaani ipunguze uzito) kupita kiasi, nyufa zinafutika na anga linafanya mistari. Instagram huiacha picha ya mlalo wa 1.91:1 na pikseli 1080 kwa 566. Msafara wa ngamia uliopigwa kwa mbali hapo ni vidoa tu. WhatsApp haibani ukituma faili kama hati (hadi GB 2), lakini baada ya siku tatu picha imezama chini ya salamu na huioni tena.

Flickr, tovuti ya kuweka na kushirikisha picha, ndiyo inayofaa, hasa kwa mtu anayetaka picha ijadiliwe badala ya kupendwa tu. Chini ya picha inaonyesha kamera, lenzi, f (upana wa tundu la lenzi), kasi ya shata na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), na hapo ndipo mazungumzo ya maana yanapoanzia. Tuseme chumvi imetoka kijivu: anayetazama anaona f/8, 1/1000, ISO 100, fidia ya mwangaza (kiasi ulichoiambia kamera iongeze au ipunguze) 0, na sababu anaijua papo hapo. Kipimo cha kamera hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani, kwa hiyo hushusha mwanga kwenye ardhi nyeupe. Dawa ni kuiweka fidia hiyo +0.7 hadi +1.3. Akiwepo mtu, kama mama wa Kigabra, jamii ya wafugaji wa huko wanaohamahama, anayefumua nyumba kuipakia juu ya ngamia, pima mwanga usoni. Chumvi ikiungua kidogo (ikawa nyeupe tupu) nyuma yake si hasara.

Maandalizi yenyewe ni mafupi. Toa JPEG yenye upande mrefu wa pikseli 2048, ubora 85, nafasi ya rangi sRGB, ile inayosomwa na takriban kila skrini. Hiyo ya mwisho husahauliwa sana: faili ya Adobe RGB, nafasi ya rangi iliyo pana zaidi, ikifunguliwa kwenye programu isiyosoma wasifu wa rangi, mchanga wa dhahabu unafifia kama majivu. Kunoa (kukaza kingo za picha) kufanyike baada ya kupunguza ukubwa, tena kidogo, maana kokoto zikinolewa mno zinazungukwa na kingo nyeupe. Na picha za saa sita mchana zilizopigwa kwa lenzi ndefu ziache: ule mtikisiko ni hewa ya moto, hakuna programu itakayoutoa.

Vikundi vya Flickr vina ukumbi wa majadiliano, ila vingi vimepoa. Chungulia tarehe ya mjadala wa mwisho kabla ya kujiunga.

Akaunti ya bure ina kikomo cha picha na video 1000, na zisizo wazi kwa umma ni 50 tu. Kwa hiyo isiwe ghala. Chagua 10 kwa safari moja na asili zake zikae kwenye diski mbili.

Kasoro ya Flickr inayonisumbua zaidi ni ramani inayoweza kuonyesha picha ilipopigwa. Picha ya simu mara nyingi huja na alama za GPS za mahali, na picha ya chemchemi ya Kalacha haina siri, lakini ya boma la familia inayo. Ingia kwenye mipangilio ya faragha, fanya mahali paonekane na wewe peke yako, kisha hakiki picha moja ukiwa umetoka kwenye akaunti.