Uzoefu wangu: boda ya kukodi kutwa kwa siku mbili za mwisho Kampala

Boda ya kukodi kutwa, dereva akiwa ndiye muongozaji, inafaa sana kwa moja kati ya siku mbili za mwisho za likizo Kampala. Kwa ile nyingine haifai hata kidogo. Vilima vyenye historia vimekusanyika magharibi ya mji, na uwanja wa ndege uko Entebbe, kilomita 40 hivi kusini. Ukichanganya pande hizo kwa siku moja, utaishia kukodolea macho migongo ya teksi kwenye makutano ya Clock Tower.

Kabla ya kuandika orodha ya vivutio, angalia ni siku gani ya juma. Ijumaa msikiti wa Old Kampala hujaa swala ya adhuhuri, basi ama uwahi asubuhi ama uuache. Jumapili makanisa ya Namirembe na Rubaga yana ibada. Karibu usali, lakini kuzunguka na kamera katikati ya misa ni utovu wa adabu. Madereva wengi hawakwambii haya. Wao hulipwa hata ukikuta lango limefungwa.

Anzia msikitini, mapema, kabla moshi na vumbi havijalifunika jiji. Ujenzi wake ulianza zama za Idi Amin, ukakwama miaka mingi, ukamalizwa 2006 kwa fedha za Libya. Kiingilio unalipa getini na unapewa muongozaji wa hapo hapo. Wanawake hupewa vitambaa vya kujistiri. Mnara una ngazi za kuzunguka, nyingi kweli, kwa hiyo mwenye magoti mabovu abaki ukumbini. Ukifika juu, mwombe muongozaji akuonyeshe vilima vya Namirembe, Rubaga, Mengo na Kasubi. Hiyo ndiyo njia yako ya siku nzima, na ukishaiona kutoka juu dereva hawezi kukuzungusha bure.

Namirembe, kanisa kuu la Kianglikana lililokamilika 1919, na Rubaga la Kikatoliki la 1925, nusu saa kila moja inatosha. Rubaga ndiko alikozikwa Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka, Mwafrika aliyefanywa askofu Mkatoliki mwaka 1939.

Mengo ipe muda zaidi. Kutoka Bulange, lilipo bunge la ufalme wa Buganda, barabara inanyooka hadi ikulu ya Lubiri, na kandoni kuna alama za koo za Baganda. Katikati ya njia kuna mzunguko wenye lango ambalo hufunguliwa kwa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, peke yake. Yeye hupita moja kwa moja. Sisi wengine, boda na mawaziri, tunazunguka. Ndani ya jumba la ikulu wageni hawaingii. Unachotembezwa ni uwanja wake, uliovamiwa na jeshi mwaka 1966 Kabaka Muteesa II akakimbilia Uingereza, pamoja na vyumba vya zege ambamo watu waliteswa zama za Amin. Maelezo ya hapo ni mazito. Ukiwa na watoto, wabaki nje na mmoja wenu.

Kasubi iwe ya mwisho, kwa kupitia Lungujja au Nakulabye. Makabaka wanne wamezikwa pale, kuanzia Muteesa I. Nyumba kuu iliungua Machi 2010, ikajengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Tazama paa kwa ndani: pete 52 za matete, kila moja kwa ukoo mmoja wa Buganda. Viatu huvuliwa mlangoni, na mwanamke aje na sketi ndefu au leso ya kujifunga, hata kama chini kavaa suruali. Nyuma ya pazia la kitambaa cha gome la mti hapapitwi, na kupiga picha omba ruhusa kwanza.

Sasa pikipiki yenyewe. Bei ipatane kwa ujumbe wa simu, si kwa mdomo: saa ya kuanza, vituo vyote kwa majina, mafuta na muda wa kungoja ni juu ya nani, na utashushwa wapi. Ugomvi wa jioni karibu wote hutoka kwenye muda wa kungoja. Kofia ya abiria ijaribu kabla ya kuondoka. Kofia huwa ipo, kifungo cha kidevuni ndicho kimekufa. Panda na ushuke upande wa kushoto, maana bomba la moshi liko kulia na huunguza shavu la mguu. Mkoba uwe katikati yako na dereva, simu mfukoni, hasa mkikaribia kituo cha teksi cha Old Taxi Park. Beba koti la mvua lako mwenyewe, kwani la dereva ni moja tu, na radi za alasiri hazibishi hodi.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii ni duka la vinyago. Dereva atakuambia liko njiani. Haliko njiani, ana kamisheni yake pale. Zawadi nunua siku nyingine, kwa miguu, ukilinganisha bei.

Siku ya kuondoka kodi gari, lile Waganda waliitalo speshali. Barabara ya kulipia ya kwenda Entebbe hairuhusu pikipiki ndogo, kwa hiyo boda itakupitisha Kibuye na Kajjansi kwenye foleni, na sanduku mapajani. Gari dogo hutozwa shilingi 5,000. Kubaliana mapema nani analipa. Toka asubuhi, sanduku likiwa ndani ya gari, ukatembelee bustani ya mimea ya Entebbe iliyo kando ya ziwa, au kituo cha wanyama cha UWEC, ambako kitambulisho cha Afrika Mashariki hupunguza kiingilio. Uwanja wa ndege fika muda wa saa tatu kabla ndege haijaruka. Kwenye geti la nje abiria hushuka garini kukaguliwa, na jioni zenye ndege nyingi foleni hiyo peke yake hula nusu saa.

Boda kwa siku ya vilima naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja imebaki dukani kwenye vinyago.