Ugalla: uendeshe mwenyewe au ukodi gari na dereva?

Kutoka Tabora kwenda Mto Ugalla, hifadhi ya taifa tangu 2019, mimi nachagua kuendesha mwenyewe, mwenyeji akiwa kiti cha pembeni. Ndivyo unavyoijua njia. Kwenye mchanga unapunguza upepo wa matairi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga unashuka kwanza, unaukanyaga kwa mguu, ndipo uingize gia ya kuvuta magurudumu yote manne. Mwenyeji anakuonyesha pa kupita, maana miombo inafanana kila upande.

Gari la kukodi na dereva linakuachia macho ya kutazama wanyama. Mwenye watoto wadogo achague hilo. Ndorobo, nzi wanaouma, watawafuata vyovyote vile, basi msivae buluu wala nyeusi, rangi zinazowavutia.