Mepo ya Kijapani Mombasa: nyota mbili kwa mti, nne kwa muuzaji

Haya ni kwa wenzangu wa Pwani mnaotamani mepo (maple), ule mti mwekundu wa kwenye picha za Kyoto, Japani. Unapatikana, unafika salama, na ukiutunza unaishi kwenye chungu. Lakini ukiununua kwa ajili ya ile rangi, pesa yako imekwenda na maji.

Natunza bustani ya nyumba ya wageni Nyali. Mwenye nyumba ndiye aliyeutaka, nami nikatafuta kitalu huko bara kwenye baridi. Yule bwana, kabla hata ya kutaja bei, akaniuliza kwa simu: "Mama, hapo unapotaka kuuweka jua linapiga saa ngapi? Upepo wa bahari unafika? Maji yenu ni ya mfereji au ya kisima?" Wauza miche wangapi watakuuliza hayo? Miche ikaja kwa basi la usiku, mizizi imezungushiwa gunia bichi, hakuna tawi lililovunjika. Alinielekeza pia mahali shina lilipounganishwa, akasema chipukizi lolote litokalo chini ya hapo nilikate, kwa kuwa ni la shina la chini lililobebeshwa lile la juu, wala si la aina niliyolipia.

Nyota moja namkata kwa kibandiko kilichoandikwa kwamba mti unastahimili jua kutwa. Hiyo ni habari ya nchi za baridi. Jua la kutwa la Uingereza ulilete hapa Januari, saa saba mchana, uone.

Nilichukua aina tatu. Ya kwanza Tamukeyama, ya kundi la dissectum, majani yamechanika hadi yamekuwa kama nyuzi. Katika kundi hilo inasifiwa kwa kuvumilia joto, na kweli jua la asubuhi ililivumilia. Kilichoiua ncha ni upepo. Mwenye nyumba aliitaka kwenye ngazi zinazotazama bahari, na kaskazi ilipoanza kuvuma majani yakakauka kuanzia pembeni kuingia ndani. Jani jembamba namna hiyo hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, na chumvi ya baharini ikamalizia.

Ya pili ni Bloodgood, ambayo ndiyo nyekundu inayojulikana zaidi duniani. Niliiweka upande wa mashariki wa mwembe, ipate jua mpaka kama saa nne kisha kivuli. Majani machanga hutoka mekundu kweli, wageni hupiga picha. Yakikomaa hugeuka hudhurungi iliyochanganyika na kijani. Ukiisogeza kivulini zaidi kuyaokoa, ndiyo yanazidi kuwa kijani, maana wekundu ule unahitaji mwanga. Ukiirudisha juani yanaungua. Katikati ya hayo mawili, kwa joto letu na usiku wetu wenye fukuto, nafasi ni finyu mno.

Ya tatu ni Acer palmatum (jina la kitaalamu la mepo ya Kijapani) ya kawaida, ya kijani, iliyooteshwa kwa mbegu na ya bei nafuu kuliko zote. Iko uani, ukuta unaikinga upepo, wavu wa kivuli juu. Ndiyo iliyo na afya, na ndiyo isiyotazamwa na mtu.

Udongo ni mtihani mwingine. Mepo hupenda udongo wenye uasidi kidogo unaopitisha maji upesi, na sisi tumekaa juu ya matumbawe, chokaa tupu. Kwenye chokaa mti haupati chuma cha kutosha, majani huwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. (Waliopita Haller Park, bustani iliyo kwenye machimbo ya zamani ya Bamburi, wanajua: machimbo hayo yalipoanza kupandwa miti mwaka 1971, ni mvinje hasa uliokubali kushika mwamba ule.) Kwa hiyo usiupande ardhini. Tumia chungu kipana chenye matundu, makumbi ya nazi yaliyooshwa kuondoa chumvi, mchanga mkubwa na samadi iliyooza kidogo tu. Maji ya kisima chenye chumvi usiyaguse. Sisi tunakinga ya mvua kwenye pipa, yakiisha tunatumia ya mfereji.

Yote hayo, jua, upepo, udongo, yana dawa. Lisilo na dawa ni kwamba mti huu unahitaji kulala. Kwao majira ya baridi huukalisha bila majani kwa miezi, na rangi ile ya moto hutangulia, siku zinapofupika na usiku kupoa. Mombasa mchana ni saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, na hata Julai usiku ni karibu digrii 20. Kwa hiyo mti hauambiwi kitu. Miti yetu hudondosha majani kidogo kidogo, tawi moja likichipua huku jingine tupu, na kila mara machipukizi ni membamba kuliko ya nyuma. Ndugu yangu aliye Limuru, bara kwenye baridi, alinunua Bloodgood kitalu hichohicho. Yake hupukutika karibu yote Julai na kurudi na nguvu, ingawa nako hakuna baridi ya Japani.

Kwa hiyo: Limuru, nunua. Mombasa, kama lazima, chukua ile ya kijani. Anayetaka wekundu hapa apande mti wa mkungu, ambao majani yake huwa mekundu kabla ya kuanguka, pwani hii hii, bila wavu wala makumbi. Na mbegu za mepo ya buluu zinazouzwa mtandaoni ziacheni. Mepo ya buluu haipo.

Ukiagiza kwa yule bwana, mwambie akutumie mvua za masika zikishaanza, usingoje kaskazi, na wavu uwe umeshafungwa kabla basi halijafika.