Mwezi mmoja Puerto Escondido: nilipanga nyumba, sikulala hoteli

Nimeishi Columbus, Ohio, miaka kumi na tisa, na pasi ninayosafiria ni ya Marekani. Lakini nilizaliwa Tanga, na bahari nilikuwa nimeikosa hadi naiota usiku. Novemba 2024 nilikusanya likizo yangu yote, nikamchukua mwanangu wa miaka tisa (mwalimu wake alimpa kazi za kutuma kwa mtandao), tukaenda kukaa mwezi mzima Puerto Escondido, mji wa pwani ya Pasifiki katika jimbo la Oaxaca, kusini mwa Meksiko. Nilipanga nyumba ndogo mtaa wa Rinconada: chumba kimoja, jiko na baraza, dola 950 kwa mwezi. Nyumba naipa nyota nne. Ya tano ilipotelea kwenye maji, nitaeleza.

Kwanza njia. Tulitua Oaxaca mjini, tukapanda kipanya cha abiria kushuka pwani. Zamani safari hiyo ilikuwa saa sita hadi saba za kona za milimani. Februari 2024 ilifunguliwa barabara mpya ya Barranca Larga hadi Ventanilla, kilomita 104, na sisi tulitumia saa tatu na dakika chache. Mwenye pasi ya Marekani haombi viza ya kutembea. Afisa wa uhamiaji anakuandikia siku, zisizozidi 180, na anaweza kukupa pungufu. Soma alichoandika kabla hujaondoka dirishani.

Sasa nyumba. Ukilala hoteli maji ya kunywa unayakuta mezani. Ukipanga nyumba unayatafuta, na katika kuyatafuta ndipo mtaa unapokujua. Maji ya bomba hayanywewi. Ya kunywa yanauzwa kwenye garrafón, dumu la plastiki la lita 20: unatoa tupu, unapewa lililojaa. Muuzaji hupita na gari akiita "Aguaaa!", na mpaka utafute ndara zako ameshakata kona. Siku mbili za mwanzo nilimkosa. Ya tatu nilimweka mtoto barazani alinde, naye akaipenda kazi hiyo kuliko hesabu zake. Mwisho wa wiki muuzaji alikuwa anasimama mwenyewe mlangoni na kumwita mwanangu "jefe", mkubwa.

Maji ya kuoga ni habari nyingine. Yanatoka kwenye simtanki jeusi juu ya paa, na sehemu nyingi za mji tangi hilo hujazwa na lori. Lori la maji wanaliita pipa, neno ambalo Mswahili halihitaji kutafsiriwa, maana letu tulipewa na Wareno. Tangazo la nyumba lilisema maji hayakatiki. Siku ya tisa yalikatika, nikiwa na sabuni kichwani. Mwenye nyumba alikuwa safarini na hakujibu ujumbe wangu hadi kesho yake mchana. Aliyetuokoa ni bibi wa nyumba ya jirani, ambaye mtaa mzima unamwita doña, yaani bi mkubwa. Alileta ndoo mbili bila kuombwa, akaziweka mlangoni na kuondoka kabla sijamaliza kushukuru. Basi kabla hujalipa amana popote pale mjini, uliza tangi lina lita ngapi, nani anaagiza pipa, na nani analilipia. Uandikiwe.

Umeme nao ulikatika mara tatu, kila mara kwa saa chache. Kwa sisi tuliokulia kwenye mgao hilo si neno.

Kihispania changu nimekipata kazini, hospitalini, kinatosha kuuliza panapouma. Pale kilitosha, kwa sababu wale watu wanaanza na adabu ndipo waje kwenye maneno. Huingii dukani ukataja unachotaka, unasalimu kwanza. Ukipita karibu na watu wanaokula, hata kama huwajui, unawaambia "provecho", na wao wanakushukuru kama umewaletea kitoweo. Mtoto akiitwa na mama yake haitiki "nini", anaitika "mande", yaani niagize. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisimama barabarani. Ni labeka ile ile ambayo bibi yangu alitufundisha kwa kututazama tu, na ambayo mwanangu nilishindwa kumfundisha Ohio. Alirudi nyumbani anaitika "mande", na sijamkataza.

Usafiri wa mjini ni pikapu zilizofunikwa turubai, mabenchi mawili, abiria wanatazamana magoti kwa magoti. Waliokuwa Dar zamani watazikumbuka chai maharage. Tulikuwa tunalipa peso 15 kila mtu, na siku zile dola moja ilikuwa peso ishirini na kidogo. Ukitaka kushuka unagonga bodi. Teksi ni ghali mara kadhaa, na bei mnakubaliana kabla hujafunga mlango. Hapo nilipoteza fedha kwa ujinga wa noti: noti ya peso 500 ni ya buluu na ina sura ya Benito Juárez, na noti ya zamani ya peso 20 nayo ni ya buluu na ina sura yake. Usiku, ndani ya teksi, nilitoa 500 nikidhani ni 20. Dereva hakusema kitu, nami niligundua asubuhi. Tangu siku hiyo niliziweka mifuko tofauti. Na mashine ya benki ikikuuliza kama ikubadilishie peso kuwa dola kwa bei yake, kataa. Utapata fedha zako vilevile, kwa bei ya benki yako, ambayo mara nyingi ni nafuu.

Chakula nitakaa nacho kidogo, kwa sababu Waislamu wenzangu wengi huniuliza. Mahindi tunayosongea ugali asili yake ni Meksiko, na wenyewe wanayala kwa namna ambayo sisi hatukuipokea: wanayachemsha na chokaa, wanayalaza, ndipo wanayasaga yakiwa bado na maji. Harufu yake unaisikia kabla hujakiona kiwanda cha tortilla, mikate myembamba mfano wa chapati. Foleni ni ya kina mama na vitambaa vyao mkononi vya kufungia, kilo ilikuwa peso 26, zinawaka moto. Tortilla ya mahindi haina shaka: ni mahindi, maji na chokaa. Shaka iko kwenye manteca, mafuta ya nguruwe. Yamo kwenye tamales, unga wa mahindi uliofungwa majani na kupikwa kwa mvuke, mara nyingi yamo kwenye maharage na kwenye tortilla za ngano, na tlayuda, ile tortilla pana ngumu ambayo Oaxaca inajivunia, hupakwa asiento, yaani masalia ya mafuta hayo hayo. Jifunze kusema "sin manteca, sin asiento", bila hiki, bila kile. Mama mmoja muuza tlayuda aliniambia kwa uaminifu kwamba maharage yake yameshapikwa nayo, nisile, akanitengenezea yenye jibini na parachichi tu. Nilirudi kwake kila Alhamisi.

Siku nyingine nilipika. Asubuhi mashua hurudi Playa Principal na samaki ambao nawajua kwa majina ya kwetu: fulusi, jodari, sulisuli. Soko la Benito Juárez lina ndimu, ukwaju, pilipili za kila rangi na nazi kavu. Mbuzi ya kukunia sikuipata, nikazisaga kwa blenda na maji ya moto, nikakamua kwa kitambaa cha tortilla. Bakuli la kwanza la mchuzi wa jodari nilimpelekea doña pamoja na ndoo zake. Alionja, akaniuliza kama kwetu ni Pinotepa.

Swali hilo niliulizwa mara nyingi, na sikulielewa hadi tulipokwenda Chacahua. Pwani kutoka Acapulco kuja upande huu inaitwa Costa Chica, na Pinotepa Nacional iko katikati yake. Huko kuna vijiji vya watu weusi, kizazi cha Waafrika walioletwa utumwani na Wahispania. Vicente Guerrero, rais aliyetangaza kufutwa kwa utumwa Meksiko mwaka 1829, alikuwa wa damu hiyo. Hata hivyo katiba ya nchi iliwatambua watu hawa kwa jina mwaka 2019 tu, na sensa ya 2020 ikahesabu zaidi ya milioni mbili na nusu nchi nzima. Ukienda Chacahua unapanda gari kuelekea Río Grande, kisha Zapotalito, na hapo boti inakupitisha kwenye wangwa. Ni hifadhi ya taifa tangu 1937. Mikoko imeshikana juu ya kichwa, matope yana harufu ile ile ya Tanga maji yakitoka, na mwisho wa wangwa kuna kijiji mchangani ambapo mwanamke anayekaanga samaki angeweza kuwa shangazi yangu. Alimshika mwanangu kidevu, akauliza ni wa nani. Njiani kurudi mtoto akaniuliza kama wale ni ndugu zetu. Nilimjibu nilivyojua, kwamba wengi wa babu zao walichukuliwa upande mwingine wa Afrika, magharibi na kati. Akasema, "Lakini mama, yule bibi aliniuliza utadhani anatujua."

Bahari, sasa. Naomba wazazi wasome hapa polepole. Sisi wa Tanga tumezoea bahari iliyokingwa, Pemba kule na miamba hapa, mtoto anaoga huku unaparua samaki. Zicatela, ufukwe mrefu unaouona kwenye picha zote, si bahari hiyo. Ni Pasifiki tupu inayopiga mchanga bila kitu cha kuivunja, na mabingwa wa kuteleza juu ya mawimbi husafiri dunia nzima kuifuata, hasa miezi ya katikati ya mwaka. Hata Novemba ilipokuwa "imelala" niliona mkondo ukimburuta kijana mzima mwenye kifua kipana, na waokoaji wakamfuata. Bendera nyekundu ikipepea usiingize hata magoti. Sisi tulioga Carrizalillo, ghuba ndogo chini ya jabali, ngazi zaidi ya mia na hamsini kushuka na hizo hizo kupanda. Maji ni ya kijani na yametulia vya kutosha kwa mtoto kujifunzia ubao wa mawimbi. Mwanangu alisimama juu ya wimbi siku ya nne, sekunde labda tano.

Ufukwe wa Bacocho tulikwenda jioni moja kuachia vitoto vya kasa. Huruhusiwi kuwashika, unapewa kibuyu, unakiinamisha, kasa anatoka mwenyewe. Meksiko ilipiga marufuku biashara ya kasa mwaka 1990, na kabla ya hapo pwani hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwachinja.

Wiki ya tatu mtoto aliumwa sikio. Jirani akanielekeza kwa daktari, chumba kimoja kilichopakana na duka la dawa. Hakuna miadi. Tulisubiri dakika ishirini, akampima vizuri, akaandika cheti, kwani antibayotiki bila cheti cha daktari haziuzwi Meksiko tangu 2010. Kumwona daktari nililipa peso 60, kama dola tatu. Mimi nafanya kazi kwenye hospitali ambayo watu huahirisha kuja kwa kuogopa bili, na nilipotoka pale nilikaa kwenye ukingo wa barabara kwa muda, hasira na shukrani zimenijaa pamoja.

Desemba 18 ni siku ya Bikira wa Soledad, msimamizi wa mji. Fataki zilianza kabla ya alfajiri, na wavuvi wakamtembeza baharini kwenye mashua zilizopambwa. Siyo dini yangu. Nilisimama ufukweni na doña aliyekuwa ameshika maua, mwanangu begani kwangu ingawa ni mzito sasa, tukaangalia mashua zinavyozunguka ghuba na kurudi. Siku mbili baadaye tuliondoka. Garrafón la mwisho lilikuwa limebaki nusu, tukalipeleka kwake.

Amana ya Novemba ijayo nimeshalipa, nyumba ile ile. Kwenye ujumbe nimeweka sharti moja: simtanki la pili liwe limepandishwa paani kabla sijafika, nitumiwe na picha.