Greyfriars, Edinburgh: wengi huja kwa mbwa

Nimelelewa PCEA, kanisa la Kipresbiteri, na kwetu Kikuyu, Kenya, tunajua jina la mahali petu, Thogoto, ni "Skoti" la wamisionari lililogeuzwa na ndimi za wazee wetu. Kwa hiyo nilipopata siku mbili Edinburgh, Scotland, nilitaka kuona hao watu walikotoka.

Nilienda Greyfriars, kanisa la kale lenye uwanja wa makaburi. Langoni nilikuta umati, ila si wa waumini. Walikuwa wakipiga picha na sanamu ya Bobby, mbwa anayesimuliwa kuwa alilinda kaburi la bwana wake miaka 14 hadi alipokufa mwaka 1872. Pua yake inang'aa kwa kusuguliwa na wanaotafuta bahati. Ndani, kwenye jiwe lake la kumbukumbu, wageni wamemwachia vijiti vya kuchezea. Nilicheka, nikapita.

Kanisa lenyewe lilifunguliwa mwaka 1620. Nyuma ya kioo kuna nakala ya Agano la Kitaifa lililotiwa saini hapa mwaka 1638, Waskoti walipomkatalia Mfalme Charles I kuwapangia namna ya kusali. Wazee wa kanisa letu hupenda kutukumbusha kwamba sisi hatuna askofu. Basi ugomvi wenyewe wa maaskofu ulipamba moto hapa.

Makaburini ndiko nilikokawia. Baadhi ya makaburi yamefungiwa ndani ya vizimba vya chuma, na nilidhani ni mapambo ya matajiri. Kumbe ni kinga dhidi ya wezi wa maiti, waliokuwa wakifukua marehemu wa jana na kuwauzia walimu wa udaktari. Niligusa nondo moja, kutu ikabaki kidoleni.

Kule mwisho kuna lango la chuma lililofungwa. Mwaka 1679, baada ya kushindwa na jeshi la mfalme katika vita vya Bothwell Bridge, wafuasi wa Agano lile wapatao 1,200 walizuiliwa upande huo, wengi wao nje penye baridi, kwa miezi. Zaidi ya 200 waliobaki walipakiwa kwenye meli ya kuwapeleka utumwani ng'ambo. Ikavunjika karibu na visiwa vya Orkney na wengi wakazama. Na George Mackenzie, mwendesha mashtaka aliyewaandama wafuasi wa Agano, amezikwa papo hapo, chini ya kuba la fahari, hatua chache tu kutoka kwa lango lile. Sijui nani aliwapangia ujirani huo.

Kuingia uwanjani ni bure. Nililipia matembezi ya usiku ya kampuni moja ili nivuke lango lile, nikajuta: kiongozi wetu alitupigia mayowe ya mizimu saa nzima, na wale wafungwa wakapata sentensi mbili. Nenda asubuhi, vaa viatu visivyoteleza kwa sababu nyasi hulowa, na jioni waachie wapenda mizimu.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya yale mayowe.