Mashine ya kusaga nyuma ya Soko la Majengo, Dodoma: karanga zinachaguliwa kwanza

Nimesaga hapa mara nne tangu Machi, na mara zote nne ilikuwa chakula cha mama yangu.

Mashine iko uchochoroni nyuma ya Soko la Majengo, bati la bluu lililopauka, haina bango. Wanafungua saa moja asubuhi, wanafunga saa kumi na mbili jioni. Uwele au mtama ni shilingi 150 kwa kilo. Karanga ni 1,000, kwa kuwa zina kimashine chake pembeni. Siku ya kwanza nilitaka vyote visagwe pamoja, unga wa lishe kama tulivyozoea. Kijana wa mashine akakataa. "Mwalimu, karanga ina mafuta. Ukiichanganya humo, unga unachacha upesi. Saga mbali, utachanganya kwenye sufuria."

Kisha akazimwaga karanga zangu kwenye ungo, akachuchumaa mlangoni penye mwanga. Zilizosinyaa kando, zenye doa la kijani kando, zilizotobolewa na wadudu kando. Kati ya kilo tatu, mbovu zilijaa kikombe cha chai. Hela yangu iliniuma, ila sikubisha. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, iliua watu hapa Dodoma na kule Manyara, na karanga huishika sumu hiyo sawa na mahindi.

Sasa niwaambie kwa nini nahangaika na karanga. Mama anaishi Kongwa, kule kule Waingereza walikoanzisha mradi wao wa karanga mwaka 1947. Nyumbani kwetu karanga ni za kuuza. Kinacholiwa ni ugali wa sembe na mlenda, asubuhi chai ya rangi. Mwaka jana alianza dozi ya kifua kikuu. Alipofika mwezi wa nne, mikono ikababuka kama iliyoungua jua, ngozi nyeusi, ngumu, yenye nyufa. Shingoni kukatokea mstari uliozunguka kama mkufu. Akaharisha siku nyingi. Usiku akawa analia na kumwita dada yake aliyekwisha kufariki. Majirani wakasema tumpeleke Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Daktari alimgeuza mikono, akamtazama shingo, akasema ni pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, yaani vitamini B3. Nafundisha biolojia, na ngozi ya mama yangu mzazi sikuitambua. Hilo linaniumiza mpaka leo.

Kwenye protini tunazokula kuna kijenzi kiitwacho triptofani. Wengi wanaijua kwa kutengeneza serotonini, kemikali ya ubongo, lakini huko inakwenda kidogo sana. Zaidi ya asilimia 90 ya ile inayovunjwa mwilini hugeuzwa kemikali nyingine, kinurenini, hasa kwenye ini, na hapo njia zinagawanyika. Moja inafika kwenye niasini: miligramu 60 za triptofani hutoa kama miligramu 1. Nyingine inatoa asidi ya kinureniki, ambayo kwenye ubongo hutuliza glutamati, kemikali inayozichochea seli za neva. Nayo haitakiwi kuzidi. Watafiti wameikuta juu kuliko kawaida kwenye maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mmojawapo wa akili. Njia zote mbili zinahitaji vitamini B6, na isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huivuruga B6. Mahindi nayo yana triptofani kidogo, na niasini yake imefungwa, mwili hauipati kirahisi. Mama alibanwa kila upande.

Alipewa nikotinamidi, ambayo ni aina ya niasini, na B6, dozi ya kifua kikuu akaendelea nayo mpaka akaimaliza. Dawa ndizo zilizomtibu, hilo naomba lieleweke, asije mtu akaacha hospitali akakimbilia mashine. Ndani ya wiki akili ilitulia na kuharisha kukakoma. Ngozi ilichukua muda. Kazi ya mashine ni kwamba asirudi kule: uji wa uwele kila asubuhi, na vijiko viwili vya karanga iliyosagwa, yenye niasini na protini, vinaingia uji ukikaribia kuiva.

Kasoro zipo. Umeme ukikatika unasubiri au unaacha mzigo, jenereta hawana. Vumbi ni jingi, na hakuna hata benchi. Mwambie kijana aikung'ute mashine kabla ya zamu yako, la sivyo utaondoka na sembe ya mwenzako.

Jumamosi iliyopita nilikwenda na mama. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaingiza mikono kwenye ungo, ngozi yake laini tena, akachagua pamoja na kijana. Wakabishania karanga moja. "Hii nzima, mwanangu, unanitupia mali." Kijana hakujibu, akaipasua kwa kucha. Ndani ilikuwa na ukungu wa kijani. Mama akaichukua, akaitia mwenyewe kwenye kikombe cha mbovu.