Christ Church ya akina Carter, Virginia: maksi za fundi uashi

Mimi ni fundi uashi. Kazi niliianzia Tanga, sasa nashika mwiko Richmond, Marekani, kwa hiyo nikipelekwa mahali pa historia sianzi na vibao. Naanza na kozi, yaani mistari ya matofali ukutani. Hii Christ Church ya Lancaster County, kama saa moja na nusu kwa gari kutoka kwetu, ilinizuia nje karibu nusu saa. "Baba Neema," mke wangu akaniuliza, "tumekuja kuona kanisa au kukagua saiti?"

Saiti, mama. Kuta zina unene wa kama futi 3. Kwenye kila kozi tofali moja limelala ubavu, linalofuata limetoa kichwa, ubavu, kichwa, hivyo hivyo mpaka juu. Nilitafuta mahali fundi alipochoka, sikupaona. Lakini utamu wenyewe uko kwenye milango mitatu: matofali yamesuguliwa yakawa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima, na chokaa katikati ni uzi tu. Jengo hili lilikamilika mwaka 1735 hivi. Hakukuwa na grinda.

Habari zake ni za familia moja. John Carter alitoka Uingereza akajikita Corotoman, kando ya mto Rappahannock. Kanisa la kwanza, la mbao, lilimalizika mwaka 1670 naye keshakufa mwaka uliotangulia. Amelala hapo ndani karibu na altare, na jiwe lake linawataja wake wanne waliomtangulia kaburini mmoja baada ya mwingine. Alioa watano, wa tano ndiye aliyebaki.

Mwanawe Robert, huyo waliyemwita "King", yaani Mfalme, alitajirika kupita baba. Parokia ilipohitaji kanisa jipya, akasema gharama zote juu yake, ila lijengwe palepale, makaburi ya wazazi yasiguswe. Akaitengea familia yake sehemu ya mbele, na robo ya kanisa ikawa ya watumishi na wapangaji wake. Mwenye kisu ndiye mla nyama. Alikufa mwaka 1732, kanisa bado halijakwisha.

Ndani, mimbari ni ya ngazi tatu, karani chini na mhubiri juu kabisa. Viti vimezungushiwa kuta za mbao na vijilango, kama vyumba vidogo. Nilipokaa niliona dari na mimbari, basi. Mwenzangu wa chumba cha pili nilimjua kwa kukohoa.

Sasa, Robert kaburi lake liko nje, upande wa mashariki, na wake zake wawili pembeni, marumaru ya kuchongwa na maneno ya Kilatini. Nilisimama pale nikiwa na hesabu nyingine kichwani. Alipokufa aliacha takriban ekari 300,000 na watumwa zaidi ya 700. Mwaka 1708 aliomba mahakamani ruhusa ya kuwakata vidole vya miguu wawili wao, Bambara Harry na Dinah, kwa kuwa walikuwa wakitoroka. Akapewa. Mtu aliyewahi kubeba tofali bichi begani anajua uzito wake, na mimi pale kaburini sikuweza tena kumsifu Carter kwa ukuta. Nilimsifu fundi. Ukienda, muulize anayekutembeza ni mikono ya nani iliyofinyanga na kubeba.

Nenda na gari lako, na uwahi asubuhi, jua likiwa upande wa makaburi maandishi yanasomeka vizuri zaidi. Anza na makumbusho ya pembeni kama unapenda kusoma. Mimi nilimalizia huko.

Uashi nimeupa kumi kwa kumi. Vile viti nimevipa nne. Nilirudi na picha arobaini za mlango wa magharibi na mbili za mama Neema, na moja kati ya hizo amefumba macho. Kesi hiyo bado inasikilizwa nyumbani.